Kompyuta isifungulie kila anayebisha hodi

Familia nyingi zilizokimbia vita huko Kivu zilitoka na vitu vichache: nguo, sufuria, na simu. Ndani ya simu hiyo, au katika flashi ndogo, ndimo zimebaki picha za kadi ya mpiga kura, cheti cha shule na cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Karatasi zenyewe zilibaki kijijini.

Familia hizo zikitaka kuchapisha karatasi moja, zinapeleka flashi kwenye nyumba ya kufotokopi. Hapo kompyuta moja inapokea flashi za watu wengi tangu asubuhi hadi jioni. Moja ikiwa na virusi, zingine zinaweza kuondoka nayo. Kuna virusi vinavyoficha mafaili na kuweka mahali pake alama za uongo zenye majina yale yale. Mwenye flashi anadhani vitu vimepotea, anakubali ifutwe, na hapo ndipo vinapotea kweli.

Kosa si la mwenye flashi peke yake. Kwa miaka mingi Windows ilikubali programu zilizo katika flashi zijifungue zenyewe. Virusi vya Conficker, vilivyotokea mwaka 2008, vilitumia mlango huo, na mwaka 2011 Microsoft ikaufunga hata kwa kompyuta za zamani zilizopokea masahihisho yake. Lakini mwaka 2014 watafiti wa Ujerumani walionyesha kwamba flashi inaweza kujidai kuwa kibodi na kuandika amri yenyewe. Kompyuta nyingi bado zinapokea kibodi mpya bila kuuliza chochote.

Simu zimekuwa na akili zaidi. Ukichomeka waya, Android nyingi za sasa zinapokea umeme tu mpaka mwenyewe aruhusu zaidi. iPhone nayo inauliza kama kompyuta ile inaaminiwa.

Wenye nyumba za kufotokopi watasema kwamba kuuliza kila mara kunachelewesha kazi na wateja wako kwenye mstari. Ni kweli. Lakini kibodi, panya na mashine ya kuchapisha ni zile zile kila siku. Fundi aziruhusu hizo, na kibodi ngeni ikataliwe. Flashi ya mteja isomwe tu: kompyuta isiandike kitu ndani yake, wala isifungue programu inayotoka humo. Kazi hiyo inapangwa mara moja.

Familia nazo ziweke nakala ya picha zao mahali pawili, na zisikubali flashi ifutwe kabla fundi hajatafuta mafaili yaliyofichwa. Anayechaji simu kwenye kompyuta ya mtu achague kuchaji tu.

Mgeni akibisha hodi usiku, mwenye nyumba anauliza kwanza ni nani. Kompyuta inayoshika karatasi za watu waliopoteza nyumba zao isifanye pungufu ya hapo.