Kadi ya nikaha isiyofunguka kwenye kompyuta



Mama mmoja wa Kimbiji ametuletea swali ambalo tunadhani linazihusu nyumba nyingi. Mwanawe alioa hivi karibuni. Baada ya akidi, babu wa bwana harusi alisimama akawausia maharusi, kisha akawaombea dua ndefu. Wiki tatu baadaye mzee akafariki. Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raajiuun. Maneno yale yamo katika kadi ya kamera tu, na betri ya kamera ilizimika mzee akiwa bado anaomba. Kijana wa familia anayehariri video hiyo amekwama: faili lenye dua halifunguki, na mafaili yaliyochukuliwa kwa simu yanatoa sauti bila picha. Wapo waliomshauri mama aipeleke kadi kwa fundi Kariakoo. Anasita, kwa kuwa ndani ya kadi hiyo hiyo mna picha za upande wa akina mama, zilizochukuliwa na binti wa familia, wanawake wakiwa wamejipamba na vichwa wazi.

Rai yetu ni kwamba kadi isitoke nyumbani. Yamkini fundi hahitaji kadi. Anahitaji mafaili mawili tu, nasi tutaeleza kwa nini.

Kamera inaporekodi, humimina picha na sauti ndani ya faili mfululizo. Mwisho, mtu anapobonyeza kusimamisha, ndipo nyingi huandika kitu kama fahirisi ya kitabu: kila picha iko wapi, imepangwaje, sauti inaanzia wapi. Betri ikifa kabla ya hapo, kurasa zimeandikwa lakini fahirisi haipo. Programu ya kuhariri hutafuta fahirisi kwanza. Ikiikosa husema faili limeharibika. Hivyo dua ya mzee aghalabu ingali mle ndani, isipokuwa labda zile sekunde za mwisho kabisa.

Fahirisi hiyo huweza kutungwa upya kwa kuazima mfano wa faili zima lililorekodiwa na kamera ile ile kwa mipangilio ile ile. Iko programu ya bure iitwayo untrunc inayofanya kazi hiyo, na mafundi wanazo nyingine. Basi mama anakili faili bovu la dua pamoja na faili moja zima la upande wa wanaume, tuseme la khutba ya nikaha, anayaweka katika flashi tupu, na hayo ndiyo anayompa fundi. Sitara ya wageni wake inabaki kabatini pamoja na kadi.

Lakini kabla ya hayo yote kuna jambo ambalo likikosewa halina tiba. Kadi ikiwa na hitilafu, kompyuta ya Windows huweza kuuliza kama iifomati ndipo itumike. Jibu ni hapana, hata ikiuliza mara kumi. Kadi kubwa ya SD ina kitufe kidogo ubavuni. Kikishushwa, kompyuta husoma bila kuandika chochote juu yake. Kadi ndogo za microSD hazina kitufe hicho, ila adapta yake kwa kawaida inacho. Kikishushwa, kadi yote inakiliwa mahali pawili tofauti, mathalani kompyuta ya nyumbani na diski ya nje. Mahali pawili ndani ya kompyuta moja hapahesabiki kuwa pawili.

Faili la dua likionyesha ukubwa wa sifuri, kunakili kwa kawaida hakutoshi. Hapo inatakiwa nakala ya kadi nzima chembe kwa chembe, na kazi hiyo ifanywe nyumbani, fundi akija, mama au binti yake akiwa ameketi hapo hapo. Na kama kuna aliyekwisha kuifomati kadi kwa haraka zake, bado isikatiwe tamaa: mara nyingi kufomati hufuta orodha na kuacha picha. Isirekodiwe kitu kingine juu yake, na programu ya bure ya PhotoRec ijaribiwe.

Sasa tuyaangalie mafaili ya simu. Haya ni mazima. Sauti bila picha aghalabu maana yake ni kwamba simu ilitumia mfumo mpya wa kubana picha, HEVC, ambao pia huitwa H.265, na programu ya kuhariri haiufahamu. Simu za iPhone zimekuwa zikiutumia tangu 2017, na simu nyingi za Android nazo zinao. Kijana ayafungue kwanza kwa VLC. Picha ikionekana, ayabadilishe kwa HandBrake kwenda H.264. Zote mbili ni za bure. Wakati wa kubadilisha achague idadi ya fremu isiyobadilika, kwa sababu simu hupunguza na kuongeza fremu kadiri ya mwanga, na hilo ndilo linalofanya sauti iachane na midomo kadiri video inavyosonga. Mafaili ya asili asiyafute baada ya kubadilisha. Kila mbano huondoa kitu.

Tumeona pia vijana wakichomoa video moja moja kutoka kwenye kadi na kuacha makabrasha yenye majina yasiyoeleweka. Kwa kamera za mfumo wa AVCHD, ulioletwa na Sony na Panasonic mwaka 2006, tabia hiyo huleta mikato katikati ya maneno. Kadi za gigabaiti 32 kushuka chini hutumia mpangilio usiokubali faili moja lifike gigabaiti 4, kwa hiyo khutba ndefu hukatwa vipande vipande, na makabrasha yale ndiyo yanayoieleza programu jinsi ya kuviunga bila pengo. Inakiliwe kadi yote jinsi ilivyo, kisha programu ielekezwe kwenye kabrasha kuu.

Wengine watasema faili la dua lina mzee wa kiume peke yake, basi tahadhari yote hii ni ya nini. Sisi tunasema wale akina mama walikubali kamera ya binti wa nyumba. Hawakukubali kompyuta ya duka wasilolijua. Fundi anaweza kuwa mtu mwema kabisa, na kompyuta yake ikaibiwa kesho.

Mama anataka pia dua hiyo iwafikie watoto wa marehemu walioko mbali. Faili likishapona, kijana akate kipande cha mzee peke yake, akague kwamba mwanzoni na mwishoni hakuna picha ya ukumbini, kisha akitume kwa WhatsApp kama dokumenti. Kikitumwa kama video ya kawaida hubanwa tena, na sauti ya mzee aliyekuwa akisema polepole mbali na kamera ndiyo itakayoumia. Dokumenti hupokelewa hadi gigabaiti 2, nayo humfikia ndugu kama ilivyotoka.