Avoka haitwi siku ya kilio

Ndugu zangu wanakoperative, mama na baba, mwaka jana ku asemble yetu mama mumoja alisimama akauliza: "Prezida, pesa ya mahindi yetu iko wapi?" Hakuna aliyejibu. Mimi ni sekretere, ndiye ninashika daftari. Niliangalia chini.

Tulikuwa tumepeleka mifuko 340 ya kilo 50 kwa mununuzi wa Lubumbashi. Nusu ya pesa alilipa siku ya kupakia. Nusu ingine alisema "kisha wiki mbili". Zile wiki mbili zikakuwa miezi saba. Mbaya zaidi, watu hawakumushuku mununuzi, walishuku komite. Wengine wakaanza kuuza mahindi yao pembeni ya barabara, kila mutu kivyake, kwa bei ya hasara. Deni la mutu mumoja lilikaribia kuvunja koperative ya watu mingi.

Niseme ukweli: kosa langu lilikuwa ndani. Mbele ya ile mauzo, mwenzetu mumoja alishauri tutafute avoka atusomee kontra. Mimi ndiye nilisimama kukataa. Nilisema: "Avoka ni wa watu wa mujini. Atakula mifuko yetu bure." Watu wakapiga mikono.

Kisha miezi saba tukaenda kwa avoka tukiwa tunalia. Aliuliza mambo ine tu. Kontra iko wapi? Tulikuwa na karatasi moja bila tarehe ya kulipa. Bon zenye mununuzi alisaini wakati wa kupokea mali? Zilibaki na shofere. Koperative imeandikishwa kufuatana na sheria ya OHADA? Statiti zetu zilikuwa bado za zamani. Nani amewapa ruhusa ya kushitaki? Tukaangaliana.

Tulipoteza miezi mitatu ku kutafuta karatasi, mbele hata ya kuandika barua moja. Mwishoni mununuzi alisaini barua ya kukubali deni, akalipa kidogo kidogo. Hatukupata yote.

Ndiyo maana leo ninaandika kinyume cha yale nilisema siku ile. Avoka wa bei rahisi ni yule unaitia mbele ya kusaini. Kusoma kontra ya kurasa mbili ni kazi ya saa chache. Kufuata deni ku tribinali ni kazi ya miezi, na tribinali nayo iko na malipo yake. Muulize avoka kontra iseme nini: kilo ngapi, nani anapima, unyevu kiasi gani, kulipa tarehe gani, kuchelewa kunaongeza nini, na mukigombana mutaenda wapi.

Watu watasema: "Kwetu tuko na shefu na wazee." Ni kweli, na mimi sitaki tuwaache. Ugomvi wa wanamemba wawili juu ya mufuko mumoja hauna lazima ya avoka. Hata na mununuzi, kusikilizana ni bora, na OHADA iko na sheria ya upatanishi tangu 2017. Lakini mununuzi wa mujini hamuogopi shefu wetu. Anaogopa karatasi yenye inaweza kufika mbele ya mwamuzi.

Wengine watasema: "Tumupeleke ku polisi." Hapana. Kukosa kulipa deni peke yake si kosa la kufungwa. Ku kashoo utatoa pesa, yeye atatoa pesa zaidi, na deni litabaki palepale. Kwa deni lenye kiasi kinajulikana, lenye siku ya kulipa imepita na lenye kutoka ku kontra, kuko njia fupi: prezida wa tribinali anaweza kutoa amri ya kulipa bila kesi ndefu. Wanaiita injonksyo ya kulipa. Kama mudaiwa hakupinga ndani ya muda wa sheria, ile amri inaweza kutekelezwa. Lakini bila kontra, bon ao barua ya kukubali deni, njia ile inafungwa. Na usilale: OHADA inatoa miaka 2 kwa mauzo ya biashara. Usingoje hata nusu yake.

Sasa, avoka gani? Kuko watu wanazunguka mbele ya tribinali na koti na mufuko wa ngozi, wanasema "mimi nitawasaidia". Nenda ku barreau, uulize kama jina lake liko ku orodha. Kuko pia defansere judisiere: ni watu wa kazi halali, lakini wanasimama ku tribinali ya pe na ya grande instance. Kesi yako ikiwa ku tribinali ya biashara, tafuta avoka.

Bei yake iandikwe mbele ya kuanza: ya kwake ni ngapi, ya tribinali ni ngapi, ya safari ni ngapi. Kila franga unalipa, dai risiti, juu wanamemba watakuuliza. Mupe kopi, orijinali zibaki ku kisanduku cha koperative. Prezida asimutume peke yake: komite ikae, iandike PV, kisha prezida asaini prokirasyo. Tribinali inaweza kukataa kesi nzima juu ya kwamba aliyesaini hakuwa na uwezo, hata kama deni ni la kweli. Avoka akikula pesa bila kazi, kuko batonye wa kumushitakia. Na mutu asiye na uwezo kabisa aulize ku barreau ofisi ya mashauri ya bure.

Pendekezo langu ni hili: kila mufuko unauzwa, tuweke franga 500 ku kisanduku cha sheria. Mifuko 1000 inaleta franga 500.000. Haitoshi kesi kubwa, lakini inasaidia kulipa wa kusoma kontra. Tukiungana na koperative za jirani tutapata avoka mumoja wa sisi wote, mwenye kujua mahindi na mwenye kujua majina ya wanunuzi wabaya.

Mufuko mutupu hausimami, na koperative bila karatasi nayo haisimami. Mavuno yanakaribia. Mbele ya kamio la kwanza kupakia, tuzungumze hii ku asemble. Safari hii, mimi ndiye nitasimama wa kwanza kuunga mukono.