VESPA YA ZAMANI NA HEWA YA MLIMA KENYA

Mtu akirithi Vespa kwa baba yake, au akiinunua kwa jirani aliyeiweka ghalani miaka mingi, neno la kwanza atakaloambiwa ni kwamba amejipatia chuma chakavu. Neno hilo si la kweli. Injini ya Vespa ya zamani ina silinda moja na pistoni moja. Haina valvu, haina mnyororo wa kupeleka nguvu kwenye gurudumu, na kabureta yake ni rahisi kuifungua. Mkulima au karani mwenye spana chache, bisibisi nzuri na subira aweza kuitengeneza uani kwake siku ya Jumamosi. Lakini yapo mambo mawili ambayo hana budi kuyafahamu kabla ya kushika spana: jinsi injini ile inavyopata oili, na jinsi inavyovuta hewa katika nchi ya juu kama Nyeri. Asiyeyafahamu huharibu injini, na pengine huvunja shingo yake mwenyewe.

Vespa ya kwanza ilitoka mwaka 1946 katika kiwanda cha Piaggio, mjini Pontedera nchini Italia. Kabla ya hapo kiwanda kile kilikuwa kikiunda ndege, na vita vilikuwa vimekibomoa. Aliyeichora ni Corradino D'Ascanio, mhandisi wa ndege, na ndiyo sababu gurudumu la mbele limeshikwa upande mmoja tu, kama magurudumu ya ndege yanavyoshikwa. Pontedera iko karibu na usawa wa bahari. Msomaji alikumbuke jambo hilo, maana litarudi.

Kwanza, habari ya oili. Vijana wengi wa siku hizi wamejifunza ufundi kwa pikipiki za boda boda, ambazo oili yake hukaa chini ya injini na kubadilishwa baada ya safari nyingi. Vespa ya zamani sivyo. Ndani ya injini yake pistoni hulainishwa na oili iliyochanganywa na petroli katika tangi. Kijana wa kituo cha petroli pale Nyeri au Karatina akiambiwa ajaze, atajaza petroli tupu, wala hana kosa, kwa kuwa hakuna aliyemfundisha. Mwenye pikipiki ataondoka salama, na baada ya kilomita chache pistoni itapata moto, itavimba na kushika silinda. Gurudumu la nyuma litakwama ghafula. Mtu akiwa kwenye mteremko, nyuma yake kuna matatu, si jambo la kucheka.

Kwa hiyo oili hiyo ibebwe na mwenyewe, iwe ile maalumu ya injini za mipigo miwili. Vespa nyingi za miaka ya 1950 zilitaka sehemu 5 za oili katika sehemu 100 za petroli. Za miaka ya 1960 na baadaye, kwa jumla, hutosheka na sehemu 2. Kitabu cha pikipiki kikiwapo, kifuatwe. Kwa sehemu 2, lita 5 za petroli zahitaji mililita 100 za oili, yaani thuluthi ya chupa ya soda ya mililita 300. Akadirie kwa chupa, si kwa macho. Wapo wanaoongeza oili kwa kudhani kwamba kikizidi ni bora. Hao huziba bomba la moshi kwa masizi, kisha hulalamika kwamba pikipiki imezeeka. Baadhi ya Vespa za mwisho wa miaka ya 1970 na kuendelea zina tangi dogo la oili linalojichanganyia lenyewe. Hizo zina raha yake, ila tangi lile nalo lisisahauliwe.

Oili ya gia ni nyingine kabisa. Huingia katika sanduku la gia, mililita 250 hivi, namba SAE 30 isiyo na dawa za kupunguza msuguano, maana klachi huoga katika oili hiyohiyo na dawa hizo huifanya iteleze.

Jambo la pili ndilo linalowasumbua watu wa mlimani, na mafundi wengi huling'ang'ania bila kulijua. Mji wa Nyeri uko kiasi cha mita 1,750 juu ya usawa wa bahari, na Nanyuki imepita 1,900. Katika kimo hicho hewa ni nyepesi. Ikilinganishwa na ya pwani, imepungua karibu sehemu moja katika sita. Kabureta haijui habari hiyo. Hutoa petroli kana kwamba bado iko Pontedera, hivyo petroli huwa nyingi na hewa huwa chache. Pikipiki hukohoa, hutoa moshi mweusi, na hukataa kupanda kilima. Mwenyewe hununua plagi mpya, nayo baada ya juma moja huwa nyeusi kama ya kwanza. Kisha hulaumu plagi.

Dawa yake ni jeti, yaani kile kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambamo petroli hupita. Jeti za kabureta za Dell'Orto, ambazo ndizo za Vespa nyingi, zimechongwa namba ionyeshayo upana wa tundu kwa sehemu mia za milimita: jeti ya 100 ina tundu la milimita moja kamili. Kwa kimo cha Nyeri yafaa kushuka namba mbili kwanza, kisha kujaribu, na kushuka tena ikiwa haja ipo. Lakini kabla ya kununua jeti, mwenye pikipiki aoshe kichujio cha hewa kwa petroli na kukikausha vema, mbali na jiko na taa ya moto. Aangalie pia kama kebo ya choki inarudi mpaka mwisho baada ya kuwasha asubuhi ya baridi. Kichujio kilichoziba na choki iliyokwama huleta ugonjwa uleule, wala havigharimu kitu kuviponya.

Plagi ndiyo shahidi. Mtu aendeshe kilomita chache kwa nguvu kwenye barabara tupu, kisha azime injini na kubana klachi kwa wakati mmoja, asimame kando, aingoje ipoe kidogo na kuifungua plagi. Ikiwa rangi yake ni ya chai ya maziwa iliyokolea majani, mambo ni sawa. Ikiwa nyeusi yenye masizi, petroli ni nyingi. Ikiwa nyeupe kama majivu, petroli ni chache, na hapo pana hatari kubwa kuliko ile ya weusi, kwa sababu petroli ikipungua oili nayo hupungua na moto huzidi.

Hapa ndipo watu hupotea. Vespa iliyowekewa jeti ndogo ikaenda vizuri Nyeri na Nanyuki, haifai kupelekwa vivyo hivyo nchi ya chini. Kutoka Karatina hadi Sagana barabara hushuka zaidi ya mita 500, na anayeendelea mpaka mashamba ya mpunga ya Mwea atakuwa katika hewa nzito na joto kali. Injini iliyokuwa imeshiba mlimani sasa yaona njaa. Anayetaka safari hiyo, au ile ya mbali zaidi ya Mombasa, aifunge jeti ya kwanza kabla ya kuondoka. Ni kazi ya robo saa. Tena, katika mteremko mrefu asifunge mkono wa petroli kabisa huku gia ikiwa imeingia, maana injini inazunguka na oili haiji. Aufungue kidogo mara kwa mara, au abane klachi. Na ikiwa injini itaanza kulia kwa sauti ya kubanwa, mkono wa kushoto ubane klachi papo hapo.

Wengine hutoa kifuniko cha bati kinachozunguka silinda ili waone injini ikifanya kazi, kisha wakakiacha nyumbani. Hilo ni kosa. Feni iliyo katika gurudumu la sumaku husukuma upepo ndani ya kifuniko kile, na bila hicho upepo hupotea bure. Matope mekundu ya masika yakikauka kati ya mapezi ya silinda hufanya vilevile. Yakwanguliwe kwa kijiti.

Kutu ni jambo zito pia. Vespa haina fremu ya mabomba kama pikipiki nyingine. Bati lake ndilo mifupa yake. Tundu katika sakafu ya kuwekea miguu si aibu ya sura tu, ni mfupa uliooza. Kupachika kibati na kukipaka rangi ni kujidanganya. Bati bovu likatwe na jipya lichomelewe.

Kuhusu vipuri, India imekuwa rafiki wa wenye Vespa. Bajaj waliziunda huko kwa idhini ya Piaggio tangu miaka ya 1960 hadi 1971, kisha wakaendelea na Chetak inayofanana nazo. (Ni Bajaj haohao wa pikipiki za Boxer zilizojaa vituoni leo.) Ila kufanana si kulingana. Pistoni ya Chetak ya 150 ina upana wa milimita 57, ile ya Vespa P150X 57.8. Kwa macho ni ndugu. Ndani ya silinda ni maadui. Kipande kilichochakaa kipelekwe dukani, kipimwe kwa kifaa.

Limebaki gurudumu, na hapa msomaji asome polepole. Rimu ya Vespa ni vipande viwili vilivyofungwa pamoja kwa nati. Zipo nati zinazoshika gurudumu kwenye pikipiki, na zipo nyingine zinazoshika vipande hivyo viwili. Mtu akikosea na kufungua hizi za pili tairi likiwa limejaa upepo, vipande vitafyatuka na kumpiga usoni au mikononi. Basi gurudumu litolewe kwanza, upepo wote utolewe mpaka tairi libonyee kwa kidole, ndipo nati za rimu ziguswe. Wakati wa kurudisha, mpira wa ndani utiwe upepo kidogo ili usibanwe na rimu, nati zikazwe kwa kupishana, ndipo upepo ujazwe kamili. Baada ya kilomita ishirini hivi zikaguliwe tena zote.