"Nimefunga" si kisingizio cha kutega kazi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niseme machache na Waislamu wenzangu tunaofunga Ramadhani, hasa sisi tulioajiriwa kuwahudumia wananchi. Sitamnyoshea mtu kidole kabla sijajinyoshea mwenyewe.

Mimi ni karani katika ofisi moja ya umma hapa Dar es Salaam. Ramadhani ya mwaka juzi, mwezi ukiwa na siku kama kumi hivi, alikuja dirishani kwangu bibi mmoja akifuatilia faili la marehemu mumewe. Ilikuwa saa 7 mchana. Usiku wake nilikuwa nimekaa barazani na wenzangu tukipiga soga na kucheza karata mpaka saa 8, nikala daku palepale, nikalala kama gogo. Niliamka jua limekwisha chomoza, na sala ya Alfajiri ikanipita. Basi mchana ule kichwa kilikuwa kinaniuma na macho yamejaa usingizi. Nikamwambia, "Bibi, leo tumefunga. Njoo kesho."

Yule bibi akanitazama, akasema kwa upole, "Hata mimi nimefunga, mjukuu wangu. Nimetoka Mkuranga asubuhi." Akakunja karatasi zake, akaondoka. Kesho yake alirudi, na kazi yake ilinichukua dakika kumi. Kwa ajili ya dakika hizo kumi nilimtoza nauli mara mbili na kumtembeza juani na saumu yake.

Ndugu Mhariri, neno hili "nimefunga" lina mahali pake. Mtume Muhammad (S.A.W.) alitufundisha kwamba mfungaji akitukanwa au akichokozwa, ajibu kuwa amefunga. Maana yake ni kwamba neno hilo ni la kujizuia, mtu asirudishe tusi wala asinyanyue mkono. Sisi tumeligeuza. Tunalisema tukisha mfokea mtu, ili tusilaumiwe. Tunalisema tukichelewa, tukisinzia mezani, na tukitoroka saa 8 kwenda kutafuta magimbi na muhogo wa futari. Neno tulilopewa la kuzuia ulimi tunalitumia kufungia dirisha la ofisi.

Wapo watakaosema kwamba njaa haina adabu. Lakini tufanye hesabu. Hapa kwetu hatuko mbali na Ikweta, kwa hiyo mchana haurefuki wala haufupiki sana, na saumu ni ya saa 13 na kitu, Ramadhani iangukie mwezi wowote. Wenzetu walio kaskazini ya Ulaya, Ramadhani ikiwaangukia Juni, hufunga zaidi ya saa 18, na kazini wanakwenda. Isitoshe, saa 1:30 asubuhi ofisi za serikali zinapofunguliwa, hazijatimia hata saa tatu tangu adhana ya Alfajiri. Ni njaa gani hiyo ya saa tatu inayomlaza mtu juu ya mafaili? Siku za kawaida wengi wetu hutoka nyumbani na chai kavu tu na tunafanya kazi hadi mchana bila kulalamika. Kinachotuangusha ni usingizi, na usingizi huo tunaupoteza wenyewe barazani, mbele ya televisheni na kwenye simu za mkononi.

Baada ya aibu ile nilibadili mwenendo wangu. Nikitoka tarawehe nakwenda nyumbani moja kwa moja, na saa 4 usiku niko kitandani. Naamka saa 10 alfajiri na kula daku wakati huo, kwani kuichelewesha ndiyo sunna. Nala chakula cha kukaa tumboni, wali au ugali na maharage, na maji ya kutosha, napunguza chumvi na sukari. Chai na kahawa naanza kuzipunguza tangu Shaabani, kwa sababu niligundua kwamba kichwa cha siku za mwanzo kilikuwa cha kahawa, hakikuwa cha njaa. Kazi nzito nazimaliza kabla ya saa 6. Wakati wa mapumziko naswali Adhuhuri na kujinyosha dakika ishirini. Jioni nina tende tatu na chupa ya maji mfukoni, hata Magharibi ikinikuta ndani ya daladala sina haja ya kumhimiza dereva akimbize gari. Mpango huu umenitosha, na sikuomba ruhusa ya mtu yeyote.

Dini yenyewe haikukusudia kumvunja mtu. Mgonjwa na msafiri wameruhusiwa kula na kulipa siku nyingine, na mwenye kisukari ni vyema amwone daktari kabla ya mwezi kuandama. Lakini anayeweza akafunga, asimtwishe mwingine mzigo wa saumu yake. Katika ofisi zetu tupo wa dini mbalimbali. Si haki wenzetu wasiofunga wabaki na mafaili yetu mwezi mzima huku sisi tumelala, halafu tukiwaona wanakunywa chai tuwanunie.

Tukumbuke pia historia yetu. Vita vya Badr vilipiganwa tarehe 17 Ramadhani, mwaka wa 2 Hijiria, yaani mwaka 624, mwaka uleule saumu ya mwezi huu ilipofaradhishwa. Waislamu wa kwanza hawakuupokea mwezi huu kama likizo.

Nawaomba wafanyakazi wenzangu tuache ugoigoi huu. Saumu ni baina ya mja na Mola wake. Mwananchi aliyepanga foleni dirishani hakuja kuiuliza, na huenda naye amefunga kuliko sisi.

Yule bibi sijamwona tena. Kama atasomewa barua hii na mmoja wa wajukuu zake, ajue kwamba karani wa dirishani anamwomba radhi.

Karani Mfungaji,
Temeke,
Dar es Salaam.