Mashini ya kupasua mbao: kaa chini uhesabu kwanza



Mwezi huu tunajibu barua iliyotoka Likasi. Mama mmoja anatuandikia kwamba bwana yake alimaliza kazi katika kampuni, akapata dekonti finali. Tangu miaka mine yeye na vijana wao wawili wanapasua mbao na tronsonezi, wanauzia maseremala. Sasa kijana mkubwa ameona mashini ya kupasua mbao Lubumbashi, anasema: "Papa, tununue ile, tuache kuteseka." Feza iliyobakia inatosha mashini, lakini minervali ya wadogo haitapatikana. Mama anauliza: "Baba Pasta, mimi si mtu wa mashini. Nikikataa, wataona ninazuia baraka. Nikikubali na mashini ikisimama, tutakula nini?"

Mama, swali lako ni la nyumba nyingi hapa kwetu, kwa hiyo tunakujibu mbele ya wasomaji wote. Na jambo la kwanza ni hili: kuuliza bei na kuuliza hatari si kukosa imani. Katika Luka 14:28 Bwana Yesu mwenyewe anatoa mfano wa mtu anayetaka kujenga mnara, na hamsifu anayeanza bila kukaa na kuhesabu gharama. Mwenye kuhesabu ni mtii.

Tena sisi watu wa Katanga tumeona mengi. Katika mwaka 2003 wafanyakazi zaidi ya 10,000 wa Gécamines walitoka kwa mpango wa kuondoka kwa hiari, uliosaidiwa na Benki ya Dunia. Wale waliokuwapo wanajua namna feza nyingi inavyoingia nyumbani siku moja, na namna inavyotoka. Gari moja, mashini moja, duka moja, na kisha mwaka mmoja baba anakaa tu barazani. Basi tuhesabu.

Je, ni mashini inayokosa?

Vijana wengi wanafikiri kazi inakwenda polepole sababu ya chombo. Pengine ni kweli, pengine sivyo. Jibuni hili: mbao mnazopasua leo zinauzwa kwa siku ngapi? Kama zinalala juma mbili katika depo zikingoja mnunuzi, basi mashini kubwa itaongeza tu lundo. Kinachokosa hapo ni soko, au gari la kuleta mbao mjini, au barabara wakati wa mvua. Lakini kama wanunuzi wanarudi mikono mitupu kila siku, ao wanakataa mbao zenu sababu upande mmoja ni mnene na mwingine mwembamba, hapo kweli chombo kinahitajiwa.

Namna tatu za chombo

Wanaouza wana maneno mengi, lakini kwa mtu wa kazi ndogo namna ni tatu.

Ya kwanza ni fremu ya chuma inayoshika tronsonezi ile ile mliyo nayo. Granberg wa Marekani wanatengeneza moja inayofungwa juu ya upanga wa tronsonezi. Logosol wa Uswidi wanatengeneza reli ambayo tronsonezi inateleza juu yake. Ubao unatoka sawasawa, si kama ule wa kukata kwa macho tu. Bei yake ni ndogo kuliko zingine zote, na fundi yeyote wa cité anajua tronsonezi. Ubaya wake: inakwenda polepole, inachosha mikono, inakula esanse.

Ya pili ni mashini ya sahani ya msumeno inayogeuka, mara imesimama, mara imelala. Lucas Mill ya Australia na Peterson ya New Zealand ni za namna hii. Gogo linabaki pale lilipoanguka. Watu wanabeba mashini vipande vipande mpaka porini, wanaifunga juu ya gogo, wanapasua. Kwa mti mkubwa ulio mbali na barabara, hii ni faida kubwa. Meno ya sahani yana chuma kigumu sana kwenye ncha, na yananolewa papo hapo bila kutoa sahani. Lakini upana wa ubao una mpaka: Lucas ndogo, ile ya 6-18, inatoa ubao wa kama sentimita 15 kwa mpito mmoja. Mwenye kuuza mbao pana aulize mbele ya kulipa.

Ya tatu ni mashini ya msumeno wa ukanda, sawa vile Wood-Mizer ya Marekani, kampuni iliyoanza mwaka 1982. Ukanda mwembamba unazunguka magurudumu mawili, kichwa cha mashini kinapita juu ya gogo. Inafanya mbao nzuri na inapoteza mti kidogo. Lakini gogo lazima lifike kwa mashini, lipandishwe, ligeuzwe. Ile ndogo ya LT15 inapokea gogo la kipenyo cha kama sentimita 70. Inataka kiwanja kilichosawazishwa, na inataka mtu anayejua kunoa ukanda na kupanga meno yake.

Unga wa mbao ni feza

Angalieni chini ya kazi yenu. Ule unga wote ni mti mliolipia. Mnyororo wa tronsonezi unakula kama milimita 9 kila unapopita. Sahani inakula kama 5. Ukanda kama 2.

Chukueni kipande kilichokwisha kunyoshwa pande zote, chenye kimo cha sentimita 30, mpasue mbao za milimita 25. Kwa mnyororo mtapata mbao 9. Kwa sahani, 10. Kwa ukanda, 11. Kwa mti mmoja tofauti ni ndogo. Kwa mwaka mzima ni minervali ya watoto.

Lakini msikimbilie ukanda sababu ya hesabu hii tu. Ukanda ni mwepesi kuumia. Hapa kwetu gogo linavutwa juu ya udongo mwekundu, mchanga unaingia katika maganda. Ukanda ukipita hapo unakuwa butu, unaanza kuogelea ndani ya mti mgumu, na ubao unatoka na mawimbi. Nani atanunua ubao wa mawimbi? Basi mwenye ukanda aondoe maganda ao aoshe gogo kwanza, atumie maji ya kulainisha ukanda, awe na kanda kadhaa za kubadilisha, na anoe mara nyingi. Mhubiri 10:10 anasema juu ya chuma kisichonolewa: mwenye nacho anaongeza nguvu bure. Hata tronsonezi ni hivyo. Mnyororo wa kukata mti kwa kuvuka unanolewa kwa karibu digrii 30. Wa kupasua kwa urefu unataka karibu digrii 10. Fanyeni hivyo wiki hii na mtaona faida bila kununua mashini yoyote.

Ni mti gani mnapasua?

Kama ni kaliptusi za shamba, jueni kwamba mti huo una nguvu ndani yake inayouvuta. Ukipasua upande mmoja tu mpaka mwisho, mbao zinapinda kama upinde. Toeni kidogo upande huu, mgeuze gogo, mtoe kidogo upande wa pili. Kisha pangeni mbao kivulini na vijiti katikati, na uzito juu. Mashini ya bei kubwa haiponyeshi mbao zilizouzwa mbichi.

Kama ni miti ya porini, sawa vile mulombwa, ni migumu na imetawanyika, mmoja hapa, mwingine kule mbali. Kuvuta magogo hayo mpaka kwa mashini ya ukanda kutakula faida yote. Hapo fremu ao sahani inafaa zaidi.

Na mukula? Msiguse bila kujua sheria. Mti huo ulikatwa sana katika miaka ya 2010 kwa kuuzwa inchi za nje, na tangu 2019 umewekwa katika orodha ya pili ya mapatano ya CITES, maana yake biashara yake inchi kwa inchi inataka karatasi za pekee. Na kwa miti yote, Sheria ya Misitu namba 011/2002 ya tarehe 29 mwezi wa 8 mwaka 2002 inataka ruhusa. Kabla ya kununua, nendeni ofisi ya mazingira muulize kwa jina: mashini ya namna hii, mahali hapa, inataka permi gani? Pateni jibu lililoandikwa. Mtu wa Mungu asipasue usiku kwa kuogopa barriere.

Hesabu ya siku

Sasa shikeni kalamu. Namba hizi ni za mfano, wekeni zenu. Tuseme mashini mpaka inafika nyumbani, pamoja na gari na duani ya Kasumbalesa, inakula dola 9,000. Tuseme kwa siku ya kazi, kisha kulipa mti, esanse, mafuta, gari na vijana, inabakia dola 40. Kijana atasema: "Siku 225, deni kwisha!"

Ngoja, mwanangu. Toa dola 10 kila siku kwa kanda, sahani, kureya na piesi za motere. Inabakia 30. Sasa ni siku 300. Na kwa mwaka mnafanya siku ngapi za kweli? Kuna mvua kutoka mwezi wa 11 mpaka wa 4, kuna matanga, kuna ugonjwa, kuna siku za kungoja piesi. Tuseme siku 120. Basi ni miaka miwili na nusu mbele ya ile feza kurudi. Na katika miaka hiyo nyumba itakula nini? Hilo ndilo swali la mama, na ni swali la mwenye akili.

Tena ulizeni piesi zinatoka wapi. Wood-Mizer wana tawi Johannesburg, lakini kutoka kule mpaka Likasi ni Zimbabwe ao Botswana, Zambia, na mpaka. Mashini ya bei ndogo isiyojulikana piesi zake ni mashini ya siku chache. Msinunue bila kuiona ikipasua mti mgumu wa kwetu mbele ya macho yenu, na bila kuongea na mtu aliye nayo tangu mwaka mmoja.

Juu ya kukopa

Katika 2 Wafalme 6 wana wa manabii walikuwa wakikata miti karibu na Yordani. Chuma cha shoka cha mmoja kikaanguka majini, naye akalia, kwa kuwa kilikuwa cha kuazima. Kwa neema ya Mungu Elisha alikirudisha juu. Lakini ndugu, msiweke muujiza katika mpango wa kulipa deni. Mkopeshaji anataka feza yake mwezi ujao. Mashini inarudisha kisha miaka miwili. Wazee walisema vizuri: kukopa arusi, kulipa matanga.

Shauri letu

Mama, kwa nyumba yako tungefuata njia hii. Kwanza, wekeni pembeni minervali ya mwaka mzima na chakula cha miezi sita. Feza hiyo si ya mashini, hata kama muuzaji anapunguza bei. Pili, nunueni fremu ya tronsonezi na minyororo ya kupasua, pamoja na vifuniko vya masikio na miwani ya kazi, maana vijana wengi wa kazi hii wanapoteza masikio mapema. Tatu, kwa mwaka mmoja andikeni katika daftari kila ubao, kila litre, kila siku ya kusimama. Mama ashike daftari hilo. Kisha mwaka, daftari litasema lenyewe kama mnahitaji sahani ao ukanda, na kama soko linaweza kulisha mashini. Feza mliyoweka pamoja na faida ya mwaka zitanunua bila deni.

Kwa kijana: hamu yako ni nzuri, na mikono yako ina nguvu. Baba yako alitoa miaka yake mingi kwa feza hiyo. Usiimalize kwa asubuhi moja. Ukionyesha mwaka mmoja wa kunoa vizuri na kuandika vizuri, utastahili kupewa mashini kubwa.

Kwa papa: kaeni wote, hata mama, hata binti, kabla ya kutoa hata dola moja. Feza ya dekonti iliingia kwa jina lako, lakini njaa ikija itaingia kwa jina la wote.

Na kwenu wote wenye kuuza mbao, fremu ao mashini kubwa, pimo lenu liwe la haki. Walawi 19:35-36 inakataza pimo la uongo. Ubao wa milimita 20 usiuzwe kama wa 25. Seremala atatambua siku ya kupiga randa, na hatarudi kwenu tena.

Bwana aibariki kazi ya mikono yenu. Mwenye swali juu ya kazi ao nyumba, alete barua kwa mchungaji wake, tutaisoma.