Lupu nne, wimbo mmoja: nguvu imeenda wapi?

Ikiwa kwako yuko barobaro anayejifungia chumbani na kompyuta akitunga muziki, huenda umewahi kumsikia akinung'unika. Kila kipande kikichezwa peke yake kina nguvu, lakini akishaviunganisha vyote kuwa wimbo mmoja, sauti inafifia kana kwamba bendi imehamia ng'ambo ya ziwa. Manung'uniko haya yanawahusu sana vijana wa Migori na Homa Bay, ambako ohangla ya siku hizi aghalabu huanzia kwenye kinanda cha umeme: ngoma za sekunde chache hurudiwarudiwa, kisha besi, orutu na nyatiti zikapandishwa juu yake. Vipande hivyo vya kurudiwa ndivyo viitwavyo lupu.

Hebu tupige hesabu kidogo. Kompyuta huandika sauti kwa namba, na katika rekodi ya kawaida ya biti 16 namba kubwa kabisa ni 32,767. Chukua lupu nne, kila moja ikifika 20,000 kileleni. Vilele vyote vikikutana unapata 80,000, na nafasi hiyo haipo. Kinachozidi hukatwa, na huo ndio mkwaruzo unaoumiza masikio. Ili kuukwepa, baadhi ya programu hugawanya kila lupu kwa idadi ya lupu zilizoingia. Zikiwa nne, kila moja hubaki robo, yaani 5,000. Mkwaruzo umekwisha, naam, lakini nyatiti inayoufungua wimbo peke yake sasa inanong'ona, imelipishwa nafasi ya wenzake ambao hata hawajaingia! Isitoshe, ngoma na orutu ni nadra kufika kileleni kwa nukta ile ile moja, hivyo sehemu kubwa ya nafasi iliyotengwa hukaa bure.

Basi ukiona programu yako ina tabia hiyo, izime. Fanya kazi katika biti 32 za desimali, kama ifanyavyo Audacity, ambayo hailipiwi. Humo hesabu inaweza kupita kikomo kwa muda bila kuharibika, mradi uishushe kabla ya kutoa nakala ya mwisho. Shusha kila lupu kwa mkono hadi vilele vya mchanganyiko mzima vifike kama desibeli 6 chini ya kikomo. Mwisho kabisa weka limita, ile inayobana vilele vichache vilivyochomoza, ndipo uupandishe wimbo wote hadi desibeli 1 chini ya kikomo. Usiibane mno, ohangla iliyobanwa hadi ngoma zikalingana na sauti ya mwimbaji haichezeki.

Wengine wakitaka ngoma ziwe nzito huirudufu lupu ile ile mara mbili. Nakala mbili zinazofanana huongeza desibeli 6 tu, sawa na kusukuma kitufe cha sauti juu, nazo zinakula nafasi. Afadhali umuulize nani anamkalia mwenzake. Besi na ngoma kubwa zinagombea chini. Orutu na mwimbaji wanagombea katikati. Kata sauti za orutu zilizo chini ya hezi 100, kwani huko huna muziki wake bali mngurumo wa chumba, na utashangaa besi ilivyopata pumzi.

Anayetaka kuona kazi hii ikifanywa bila kompyuta amtazame mpiga nyatiti. Mtu mmoja ana nyuzi nane mikononi, pete ya chuma kwenye kidole cha mguu inayogonga mti wa ala, njuga mguuni na wimbo kinywani. Akianza kuimba, vidole hulegea kidogo. Akinyamaza, nyuzi hupanda. Hakuna programu inayogawanya kwa nne humo. Magitaa ya benga yalirithi mazungumzo hayo, na ukimsikiliza D. O. Misiani wa Shirati, upande wa pili wa mpaka kutoka Migori, aliyefariki mwaka 2006, utasikia gitaa likimpisha mwimbaji kisha likirudi kwa kishindo.

Zama za kanda, hata The Beatles walipotengeneza Sgt. Pepper mwaka 1967 kwa mashine za njia nne, kila kuhamisha mchanganyiko kuliongeza uvumi wa kanda. Siku hizi hasara kama hiyo huletwa na MP3: kila ukiihifadhi upya, kitu kinapotea. Weka lupu zako katika WAV, na MP3 itoke mara moja tu, mwishoni.

Kabla hujampa nakala dereva wa matatu ya kutoka Rongo kwenda Homa Bay, isikilize kwa simu yenye spika moja. Kama orutu iliyojaa pande zote mbili za hedifoni imetoweka ghafla, mkondo wake wa kushoto na wa kulia vinafutana. Geuza mmoja, usikilize tena.