Tabora inadaiwa na wanamuziki wake

Mtaa wa Heddon, London, una kibao cha kumbukumbu ya mtu ambaye hakuwahi kuishi duniani. Ni Ziggy Stardust, nyota wa roki aliyebuniwa na David Bowie kwenye albamu yake ya Juni 1972. Picha ya jalada ilipigwa mtaani hapo. Albamu ilipotimiza miaka 40, mwaka 2012, kikabandikwa kibao.

Nawapongeza waliokibandika kwa moyo mweupe. Albamu ile ina nyimbo 11 zinazosimulia nyota anayepanda hadi anaporomoka, na Bowie aliiigiza jukwaani, uso umepakwa rangi na nguo zikimetameta. Lakini iliyoifanya idumu si kipaji peke yake. Ilitunzwa ikiwa nzima, ikatolewa upya mara kwa mara, na majina ya wapigaji hayakupotea: gitaa Mick Ronson, besi Trevor Bolder, ngoma Mick Woodmansey.

Kwetu Tabora ni kinyume. Mimi ni fundi redio hapa Kitete, na santuri za zamani hupita mikononi mwangu. Hii ya bendi ya Tabora Jazz ninayoifuta vumbi sasa imebaki na karatasi ya katikati tu. Ina jina la bendi na la wimbo. Nani alipiga solo? Nani yuko kwenye tumba? Karatasi haisemi, na wazee waliokuwa wakinitajia majina hayo wanazidi kupungua.

Miaka ya 70 Tabora haikuwa pembeni mwa muziki wa dansi. Nyanyembe Jazz walitupa “Rangi ya Chungwa”. Tabora Jazz ya Shem Karenga ilitupa “Dada Asha”, na mtindo wao wa Segere Matata ulijulikana nchi nzima. Lakini nyimbo zilirekodiwa Redio Tanzania Dar es Salaam moja moja, na kwa kuwa hatukuwa na kiwanda cha kufyatua santuri, sahani zilitoka Nairobi zikiwa na wimbo mmoja kila upande. Ndiyo maana kazi ya miaka mingi imetawanyika kama kunde zilizomwagika.

Wapo watakaosema mji una mahitaji makubwa kuliko nyimbo. Mbona Kwihara tunatunza tembe alilokaa Livingstone mwaka 1872, na tunafanya vizuri? Kama mgeni aliyepita kwenye njia ya misafara ana nyumba ya kumbukumbu, wenyeji waliochezesha nchi nzima wanakosaje hata kibao? Zanzibar wameonyesha njia: tangu Novemba 2019 Mji Mkongwe una makumbusho ya mwanamuziki Freddie Mercury, mzaliwa wa huko.

Ninachotaka kinawezekana. Shirika la Utangazaji Tanzania, linalotunza kanda za Redio Tanzania, likubaliane na familia za wanamuziki ili itoke albamu moja ya Nyanyembe Jazz na moja ya Tabora Jazz, zikiwa na picha, maelezo na jina la kila mpigaji, na mapato yawafikie wenye haki. Manispaa ichague ukuta mmoja mjini iweke kibao. Nanyi wenye santuri na picha uvunguni mwa vitanda, zitoeni zinakiliwe, mwandike nyuma ya kila picha nani ni nani, maana hayo hakuna ofisi itakayoyajua tusipoyasema sisi.